Karani wa Mizani

Miaka thelathini na mmoja nimepima miwa
katika shamba kubwa nje ya Jinja,
trekta baada ya trekta, tani juu ya tani,
kalamu sikioni, majivu ya miwa iliyochomwa
yakinitua mabegani kama nzige weusi,
na sikuwahi kukosea hata kilo.

Chai yangu sikuipima.
Vijiko vitano vya kilele,
kisha nakoroga mpaka kijiko kichoke.

Sisimizi ndio walionisoma kwanza.
Nyuma ya choo, pale ninapokojoa usiku
kwa uvivu wa kutafuta tochi,
walipanga foleni kama vibarua siku ya mshahara.
Letaru aliwakuta alfajiri, ufagio mkononi.
Hakusema neno.
Alijifunga kitambaa chake cha kanisani
ingawa ilikuwa Jumatatu,
akanishika kiwiko mpaka zahanati.

Muuguzi Nangobi akanitoboa kidole,
akakitazama kimashine, akanitazama mimi,
akauliza ninakaa wapi.
"Kwenye laini za kampuni."
Akacheka kidogo, bila furaha:
"Basi, Mzee Drileba, umekuwa ukilala ndani ya sufuria."

Tangu siku ile sukari imehamia kopo la majarini,
juu ya kabati, nyuma ya Biblia ya Kilugbara,
na kufuli lake ni jicho la Letaru.
"Kimoja cha adabu," husema akimimina,
"viwili vya mazoea, vitatu vya ukaidi,
vinne utajibu kwa mguu.
Cha tano usikitaje.
Nyumba hii imeshamzika kaka yako."

Usiku wa tatu nilipanda kigoda.
Mimi niliyefukuza watoto shambani
kwa kosa la kunyonya muwa mmoja,
nikawaandika majina, baba zao wakakatwa posho,
mimi huyo, napapasa gizani kwa vidole vya mwizi.
Biblia ikaanguka kabla ya kopo.
Sauti ikatoka chumbani, tulivu, haikuwa hata na usingizi:
"Isabirye alikuwa na miaka saba
ulipomfungia ofisini mpaka magharibi.
Wewe una sitini na minne."

Nikashuka.

Sitadanganya: wiki za mwanzo chai ilikuwa
maji ya kuoshea sufuria.
Saa nane mchana bomba la kiwanda linapumua,
harufu ya molasi inaingia dirishani
bila kuuliza kadi yangu ya zahanati,
na mate yananijaa kama mtoto.
Kichwa kiliniuma. Niligombana na redio.
Kisha siku moja, sijui ni ipi,
ulimi ukarudi kutoka safari ndefu.
Nikaonja moshi wa kuni ndani ya maziwa.
Nikaonja tangawizi ikiniuma taratibu.
Kiazi cha kuchemsha, kile cha ngozi nyekundu,
kikawa kitamu mpaka nikamtazama Letaru
nikidhani amenionea huruma.

Jana nikiwa njiani nilimpisha dereva wa trekta.
Akasimamisha, injini ikitetema.
Isabirye, ana ndevu sasa.
Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu ule usiku wa kigoda,
lakini yalitoka mawili tu: "Nilikukosea."
Akanyamaza kwa muda wa kupima trela zima.
Halafu akachomoa muwa mrefu kwenye mzigo wake,
akanirushia:
"Kula, Mzee. Leo hakuna anayeandika."

Unamwambiaje mtu kama huyo habari za Nangobi?

Niliubeba begani kama jembe hadi nyumbani.
Letaru aliutazama, akanitazama, akaleta kisu.
Wajukuu wakagawana pingili kwa pingili.
Mimi nikakatiwa kipande cha urefu wa kidole,
nikakinyonya polepole, nimefumba macho,
kimoja, cha adabu,

na makapi nikawapelekea sisimizi
kule nyuma ya choo,
ambako siku hizi walikuwa wakipita tu
bila kusimama.